Mkono wa Kushoto Gofuni

Nyumbani kwa bibi yangu, Ngamiani, juu ya kochi la sebuleni, kuna picha niliyoitazama kuliko uso wa mtu yeyote. Ni picha ya magofu. Msikiti hauna paa. Mihrabu imebaki imesimama, na majani yameota ndani yake mahali ambapo imamu angesimama. Kushoto kwa msikiti kuna kaburi la kale lililojengewa ukuta wa matumbawe, na mkuyu umeota katikati yake ukaupasua ukuta, mizizi ikateremka nje kama nta ya mshumaa. Kulia kuna kaburi jingine la ukuta, dogo kidogo, na karibu nalo birika la kutawadhia ambalo halina tena maji. Mbele kabisa, kivulini, wanaume wawili wamekaa na sinia katikati yao, wanakula. Wanakula kwa mkono wa kushoto.

Hilo la mkono ndilo kila mgeni hulisema kwanza. Anaweza asiuone msikiti, asiuone mkuyu, lakini mkono atauona.

"Huyu mzungu aliyechora sijui aliwaokota wapi hawa," mjomba wangu hupenda kusema.

"Labda mkono wa kulia ulikuwa na jipu," mgeni atamjibu.

"Wote wawili?"

"Jipu la kuambukiza."

Sisi tulipokuwa wadogo, mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye wali, bibi hakumpiga. Alisema tu, "Haya, mtu wa gofuni kafika," na sote tukamcheka mpaka akaurudisha. Mimi nilichekwa mara moja tu. Tangu siku hiyo nilikuwa nikikalia mkono wangu wa kushoto wakati wa kula, na mpaka leo nikiwa na wasiwasi najikuta nimeukalia. Niko hivyo. Nikikosea jambo mara moja, nalilinda maisha.

Picha ile ni ya zamani sana, kabla ya kamera kuwa kitu cha kila mtu. Aliileta babake bibi. Alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja kwenye shamba la mkonge, na meneja alipoondoka kurudi kwao alimwachia vitu asivyoweza kubeba, picha ikiwa mojawapo. Babake bibi aliichukua kwa sababu aliyatambua magofu. Yalikuwa ya kijijini kwao, pwani ya Pangani, ukifika Mwera unaiacha barabara na kuteremka kuelekea baharini. Kijiji chenyewe kilikwisha hama. Watu walifuata maji na barabara, wakaacha msikiti na makaburi kwa mwitu. Lakini wafu wao waliendelea kuwazika pale kwa muda mrefu, ubavuni mwa makaburi ya wakubwa wa kale, kwa baraka.

Mamake bibi alizikwa pale. Bibi alikuwa mtoto, na tena wa kike. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Wanaume wakalichukua wakaenda nalo, wanawake wakabaki nyumbani na kilio chao, na bibi hakuona mamake alikowekwa. Alipomuuliza babake, babake alimbeba begani hadi kwenye picha, akaweka kidole juu ya kaburi lenye mkuyu, la kushoto, akasema, "Mama yako yuko hapa, miguuni mwa ukuta huu." Baadaye babake naye akafa shambani kwenye mkonge na kuzikwa hukohuko. Kwa hiyo bibi alirithi mambo mawili kuhusu mamake: picha, na kidole.

Alipokuwa mtu mzima na mume wa kumpeleka, alikwenda kulitafuta kaburi. Mkuyu haukuwapo tena. Ulikuwa umeanguka, ukaoza, ukawa udongo. Makaburi yote mawili yalikuwa vifusi vilivyofunikwa na michongoma, huwezi kutofautisha hili na lile. Lakini msikiti ulikuwepo na mihrabu ilikuwepo, na picha alikuwa ameikariri. Akasimama mahali ambapo mchoraji angesimama, akageukia kushoto. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya Ramadhani, amekuwa akienda kushoto. Anafyekesha, anafukiza ubani, anamwaga marashi, anasoma Yasini. Birika lilikuwa upande wa kushoto pia, palepale karibu na kaburi, wakati kwenye picha liko kulia, na jambo hilo liliwahi kuzungumzwa. Mjomba alilimaliza kwa kusema mzungu asiyejua kula kwa mkono gani, birika atalijuaje.

Mwaka huu bibi alisema anataka kibao. Magoti yake hayakunjiki vizuri na alijua safari za kule zimekaribia kwisha. "Nikifa mimi," alisema, "hakuna mtu duniani atakayejua huyu mwanamke amelala wapi. Kibao kitajua." Alitaka kibao cha saruji chenye jina la mamake, kisimamishwe miguuni mwa ukuta, yeye mwenyewe akiwepo anaona. Mjomba alipewa kazi ya kumtafuta fundi. Mimi nilipewa kazi ya herufi.

Lazima nieleze kazi yangu. Ninatengeneza kadi za harusi na mabango katika duka la uchapaji. Sikusomea. Nilijifunza kwa kutazama simu na kwa kuharibu karatasi za watu. Nikimaliza kadi, naisoma, namsomea mwenzangu, naisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, halafu ikishachukuliwa na mwenyewe nashikwa na hofu kwamba jina la bwana harusi limekosewa. Halijawahi kukosewa. Hiyo hainisaidii kitu. Kwa kibao cha bibi nilimfanya fundi amwage upya kwa sababu nafasi kati ya herufi mbili ilikuwa pana kuliko nyingine. Fundi alimwambia mjomba kwamba amewajengea wafu wengi na hajapata mteja wa namna hii, na wafu wenyewe huwa hawasemi kitu.

Katika siku hizohizo nilikuwa na kazi nyingine niliyojipa mwenyewe. Picha ya bibi ilikuwa inakufa. Unyevu ulikuwa umeingia nyuma ya kioo, na vidudu vya karatasi vilikuwa vimekula mguu wa mmoja wa wale wanaume na vinaelekea kwenye sinia. Mjomba aliniambia niipige fotokopi tu. Niliipiga, ikatoka nyeusi, mkuyu na ukuta vimekuwa tope moja. Ndipo nikaamua kuitengeneza upya kwa njia ileile iliyotengenezwa.

Njia yenyewe nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwa udadisi. Mchoraji wa zamani alichukua bamba la shaba, akalipaka nta, akachora kwa sindano mpaka nta itoke mistari mistari. Halafu alilitumbukiza kwenye tindikali, nayo ikala chuma pale tu palipokwaruzwa. Akaosha, akasugua wino ukaingia kwenye mifereji ile midogo, akalaza karatasi yenye unyevu juu na kugandamiza. Mimi sina shaba wala tindikali. Nina mabamba ya aluminiamu yaliyokwisha kazi dukani kwetu, na nina mrututu, ile dawa ya buluu ya mimea inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ambao ukichanganywa na chumvi ya kupikia hula aluminiamu vizuri tu, ukitoa povu na matope mekundu. Badala ya nta yao nayeyusha mshumaa na lami kidogo. Badala ya mashine nasugua kwa mgongo wa kijiko. Bibi alikuwa akiniona uani na beseni langu akasema, "Mke mwenzangu, wenzako wa rika lako wanapika visheti."

Nilifanya kazi ile kwa wiki kadhaa, kila nikitoka dukani. Nilihamisha mistari kwa karatasi ya kaboni, jani kwa jani. Nilihesabu matawi. Mguu uliokwisha liwa niliutengeneza kwa kuangalia mguu wa mwenzake. Nasema kweli, sijawahi kuwa mwangalifu namna ile katika kitu chochote, na uangalifu wenyewe ndio ulionipoteza. Maana kitu cha kwanza anachojifunza mtu wa kazi hii ni kwamba picha hutoka imegeuka. Kilichochorwa kushoto kwenye bamba hutoka kulia kwenye karatasi. Bamba langu la kwanza kabisa lilikuwa Bismillahi, na mjomba alipoliona kwenye karatasi aliuliza kama ni ya kusomea kwenye kioo. Nililijua hilo. Nilipaswa kuugeuza mchoro kabla ya kuanza. Nilikuwa nimezama kwenye majani, nikasahau.

Alasiri moja niliinua karatasi kutoka kwenye bamba na kuona mkuyu upande wa kulia. Nilikaa chini uani. Nilitaka kuichana. Bibi alikuwa anatoka chooni na kopo lake, akasimama, akaniomba niiinue aione. Nikaiinua kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa.

Aliitazama muda. Kisha akatabasamu kwa namna ambayo hatabasamu ovyo.

"Ahsante," alisema. "Umewafunza adabu."

"Nani?"

"Hawa wawili. Wanakula kwa mkono wa kulia."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki na karatasi mkononi. Wale wanaume wanakula kwa kulia, kama watu wote wa pwani hii wanavyokula, kama walivyokula siku ile mchoraji alipokaa mbele yao. Yule mzungu hakuwaokota popote. Alikaa pale na bamba lake, akachora alichokiona kama alivyokiona, hakujisumbua kugeuza au alisahau kama mimi, na karatasi ikatoka na watu wanaokula kwa kushoto. Ikatoka na birika upande usio wake. Ikatoka na mkuyu upande usio wake.

Mkono wangu wa kushoto nilikuwa nimeukalia.

Mtu mwingine angeingia ndani palepale akasema. Mimi nilianza kutafuta makosa katika fikra zangu. Labda yule mchoraji aligeuza, na wale watu kweli walikula vibaya. Labda mabirika yalikuwa mawili. Nilijiambia nitathibitisha kwanza kwa macho, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kule nikiwa mdogo tu na sikukumbuka vizuri, na siku ya kwenda kusimamisha kibao ilikuwa imekaribia. Nikaviringisha ile karatasi nikaifunga kwa mpira.

Tulikwenda kwa pikapu ya rafiki wa mjomba, sisi, fundi, saruji, na kibao kimelazwa juu ya gunia la pumba kisivunjike. Fundi alikuwa ameshaelekezwa na mjomba pa kuanzia, na tulipofika hakungoja mtu; aliingia upande wa kushoto na panga, akafyeka, akaanza kuchimba shimo la kusimamishia. Bibi alitandikiwa mkeka kivulini, akatoa ubani wake na chupa ya marashi. Mimi nilikwenda kusimama mbele ya msikiti, mahali pa mchoraji, nikafungua karatasi yangu iliyoharibika.

Birika lilikuwa kushoto, kwenye karatasi na kwenye ardhi. Kwenye ukuta wa mihrabu kulikuwa na pengo lililomomonyoka upande mmoja juu. Kwenye karatasi lilikuwa upande huohuo. Kaburi dogo kushoto, kubwa kulia. Chini ya michongoma ungeweza kuona hivyo, ukishajua cha kutazama: kifusi cha kulia kilikuwa kirefu zaidi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Katika kazi zote nilizowahi kufanya hiyo ndiyo pekee ambayo sikuona kosa, na nilikuwa nimeifanya kwa kukosea.

"Bibi," nilisema. "Mwambie fundi asubiri."

Fundi alinyoosha mgongo. "Saruji nishaitia maji, dada."

"Mjomba," mjomba aliniambia, maana ndivyo tuitanavyo, yeye na mimi, "kama ni herufi tena, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Si herufi. Ni upande."

Sikujua nimweleze vipi bibi. Nilianza na bamba na wino nikaona ananipoteza, au mimi nampoteza yeye. Ndipo nikakumbuka hina. Nikamwambia: mwari akipakwa hina, ikiwa mbichi bado akafumba viganja pamoja, ua la kiganja hiki si linahamia kiganja kile?

"Linahamia."

"Limekaaje?"

"Limegeuka," alisema bibi. Akanitazama. Akaichukua karatasi, akaitazama, akautazama msikiti, akaitazama tena karatasi. Nilimwona anafika mwenyewe.

"Kwa hiyo hawakuwa wakila kwa kushoto," alisema.

"Hawakuwa."

"Watu wa watu, wana adabu zao. Na mimi nimewasema umri wangu wote."

Mjomba alicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshaacha kuwatazama wale watu, anatazama kaburi ambalo fundi alikuwa amesimama juu ya shimo lake.

"Na mama?"

Nikamwonyesha kulia. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha. Michongoma na mkwaju mchanga, na mjusi juu ya jiwe.

Fundi alikoroga saruji yake isigande. Mjomba, ambaye mzaha ulikuwa umemtoka, alisema kwa sauti ya chini kwamba dua haipotei njia, aliyesomewa na aliyekusudiwa Mungu anawajua. Bibi akamwambia, "Najua. Sikuuliza dua. Dua ina miguu. Kibao hakina."

Kisha akanigeukia mimi. "Una hakika?"

Hilo ndilo swali ninaloliogopa kuliko yote. Huwa sina hakika hata kama nimefunga kufuli, hurudi nikalishika. Na hapa nilikuwa naulizwa na mwanamke ambaye hatarudi tena mahali hapa, kuhusu mama ambaye alimkosa akiwa mtoto, na saruji ilikuwa inakauka. Nikikosea, jina litasimama juu ya mtu mwingine, safari hii kwa kazi ya mikono yangu, na hakuna atakayekuja kulitoa.

"Kuhusu picha naapa," nilisema. "Kaburi lenye mkuyu lilikuwa kulia. Kuhusu kidole cha babako siwezi kuapa, bibi. Sikukiona."

"Kidole nilikiona mimi," alisema. "Alikiweka juu ya mizizi. Hakuniambia kushoto. Kushoto nilisema mimi."

Akanyoosha mkono, mjomba akamwinua.

Hakuvuka kwa haraka. Fundi alitangulia na panga akamfungulia njia, akifyeka na kunung'unika, na mjomba akamshika bibi kiwiko. Walipofika kwenye kifusi cha kulia bibi aliomba aachwe. Alitoa salamu wanayopewa watu wa makaburini, kikamilifu, kwa Kiarabu chake cha chuo cha Kurani. Nilidhani atalia na nikajiandaa kutazama pengine. Badala yake aliweka mkono kiunoni.

"Na wewe, mama," alisema. "Miaka yote hii unaniona naingia kwa jirani na ubani wangu, na marashi yangu, nakaa, nasoma, naondoka. Unanitazama tu. Hata kukohoa?"

Mjomba aligeuka, mabega yanatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka. Fundi aliinamisha kichwa akaanza kuchimba shimo la pili bila kuambiwa na mtu.

Kibao kilisimama kabla ya adhuhuri. Kilikuwa kimeinama kidogo upande wa bahari. Nilisema, fundi akakinyoosha, akanitazama, nikasema kidogo tena, akakinyoosha. Bibi alisoma Yasini yake yote bila kuharakisha. Marashi aliyatumia nusu tu. Nusu nyingine alinipa, akaniambia niende nikamwage kule kushoto, na saruji iliyobaki fundi aitie kwenye nyufa za ule ukuta mdogo na lile shimo alifukie vizuri.

"Huyu tumwambie nini?" mjomba aliuliza. "Kwamba umemhama?"

"Nani kahama? Huyu nimemlea. Ana haki yake."

Niliporudi alikuwa amekaa mkekani mbele ya kibao, magoti yameshindwa kukunjika, miguu imenyooshwa. Bibi anasoma Kurani lakini herufi hizi zetu za shule hazisomi. Akaniambia nimsomee kilichoandikwa. Nikamsomea jina la mamake na jina la babu aliyemzaa mamake. Akaniambia nirudie, polepole, na nipaze sauti, ili jirani naye asikie.